Jina la Tatu Kwenye Upanga



Leo nazungumzia panga za Kijapani. Najua mtu wa Maneromango, huku kwetu Pwani, atauliza: upanga wa Mjapani na sisi wapi na wapi? Jibu lake liko zaidi ya miaka 80 nyuma. Mwaka 1944 vijana wa Tanganyika, Wazaramo wa huku kwetu wakiwemo, walikuwa Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, wakipigana na jeshi la Japani. Walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Ofisa wa Kijapani aliingia vitani na upanga kiunoni. Akiuawa, au akijisalimisha, upanga ule ulipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo aliubeba kwenda nao kwao.

Ndiyo maana leo panga hizo zimetapakaa dunia nzima. Zipo Uingereza, zipo Marekani, zipo Australia, ndani ya makabati ya makumbusho na majumbani mwa watu waliotumia umri wao kuzikusanya. Wakusanyaji hao wamejenga elimu kubwa. Mpe mmoja wao upanga mchafu, wenye kutu, usio na mpini. Atauzungusha mbele ya taa, atanyamaza kidogo, kisha atakuambia ni wa karne gani, umetoka mji gani, na pengine atakutajia hata jina la mhunzi. Naiheshimu elimu hiyo na jioni hii nataka tuigawane. Lakini nina dai nayo, na nalitoa mapema. Inajua kumtafuta mhunzi, na inajua kumtafuta ofisa wa Kijapani. Askari wa Keya haijamtafuta kwa juhudi hiyo. Jina lake halikuchongwa popote kwenye chuma, na kazi ya kuliandika ni yetu sisi.

Kazi hiyo ina haraka. Angalia yanayotokea Kibaha. Kuanzia Maili Moja na Tumbi mpaka Visiga na Mlandizi viwanja vimepanda bei, nyumba za udongo za wazee zinabomolewa, warithi wanagawana. Sanduku la bati la babu linatolewa uani na kumwagwa chini. Karatasi yenye sura ya hati ya kiwanja inaokotwa upesi. Vyuma vinasogezwa pembeni, na kabla ya adhuhuri mnunuzi wa skrepa ameshafika na mkokoteni na mizani yake. Kwake yeye kilo ni kilo. Medali, bayoneti, kisu cha jeshi, upanga, vyote vinaingia gunia moja kwenda kuyeyushwa viwe nondo. Upande wa Kisarawe mambo yanakwenda polepole zaidi. Ukitoka mjini kwenda Masaki, Mzenga na Maneromango bado zipo nyumba ambazo sanduku la mzee halijafunguliwa tangu alipozikwa.

Tuanze na vita yenyewe, maana upanga usiojulikana ulikotoka ni chuma tu.

Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kupigana na Japani. Nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndani yake mlikuwa na batalioni za Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36. Kamanda wao alikuwa Meja Jenerali Charles Fowkes. Walipelekwa kwanza Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakafunzwa vita vya msituni. Bahari yenyewe ilikuwa tayari ni uwanja wa vita. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo. Meli ilizama ndani ya dakika chache mno. Watu karibu 1,300 walikufa, na kundi kubwa kuliko yote kati yao lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wale hawakuwahi hata kuiona Burma.

Katikati ya mwaka huo jeshi la Japani lilishindwa Imphal, kaskazini mashariki mwa India, likaanza kurudi nyuma. Divisheni ya 11 ndiyo iliyopewa kazi ya kulifuata kwa kupitia bonde la Kabaw, tena mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya malaria. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama mpaka kwenye ekseli, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege. Njia nzima askari wetu walipita kwenye maiti za Wajapani waliokufa kwa njaa na maradhi wakati wa kurudi nyuma, na kila baada ya maili chache walikuta wengine walio hai, wamejichimbia mahandakini, hawana nia ya kujisalimisha. Mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Tarehe 10 Desemba 1944 wahandisi walimaliza kuutandikia mto ule daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa papo hapo, lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Wakati huo halikuwepo daraja refu zaidi la aina hiyo duniani. Sehemu kubwa ya jeshi lililokwenda kuikomboa Burma ya kati ilipata njia kwa sababu watu wa huku kwetu waliusafisha ukingo ule.

Askari wa Keya nao walikuwa na chuma chao. Walibeba panga, hili hili tunalofyekea shamba, wakalitumia kufungua njia msituni na kupigana kwa karibu. Kwa hiyo bonde la Kabaw liliona vyuma viwili vikikutana: panga la mkulima wa Tanganyika na upanga wa ofisa wa Kijapani.

Vita ilipokwisha mwaka 1945 lilizuka swali la nini kifanyike na panga hizo. Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani hakutaka sherehe za kukabidhi panga. Admeri Louis Mountbatten, aliyeongoza majeshi ya washirika Asia ya Kusini Mashariki, alishikilia kinyume: kila ofisa wa Kijapani akabidhi upanga wake hadharani, mbele ya askari. Tarehe 30 Novemba 1945, mjini Saigon, Jemadari Mkuu Terauchi wa Japani alimkabidhi Mountbatten panga zake mbili, na mmoja Mountbatten akampa Mfalme George wa Sita. Panga nyingi nyingine ziligawiwa maofisa. Askari Mwafrika, aliyekuwa mstari wa mbele bondeni Kabaw, kwenye foleni ya kugawiwa alikuwa nyuma kabisa. Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kuona vijana waliofunzwa vita wakirudi vijijini na silaha. Ndiyo maana katika sanduku la mzee wa Keya utazamie zaidi vitu vidogo: medali ya Nyota ya Burma, ya shaba, yenye utepe wa buluu iliyoiva na nyekundu katikati na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande, cheti cha kuachishwa jeshi, pengine kitambaa cheupe chenye duara jekundu na maandishi ya wino, bendera ambayo jamaa za Mjapani walimwandikia baraka kabla hajaondoka kwao. Na siku moja moja, upanga.

Sasa tuseme umefungua sanduku na umekuta chuma kirefu ndani ya ala. Usikimbilie kusema ni cha Mjapani kwa kuwa babu alikuwa Burma. Pwani hii imepitiwa na silaha za mataifa mengi. Wajerumani waliitawala mpaka Dar es Salaam ilipochukuliwa na Waingereza Septemba 1916, na bayoneti zao ni ndefu, zimenyooka, na karibu na mpini zina majina ya miji ya Kijerumani kama Erfurt na Solingen. Upanga wa Kimanga, ule wanaouchezea wenyeji wa Omani ngomani, una bapa pana lililonyooka, makali pande zote mbili, mpini mrefu wa mviringo usio na kikinga mkono, na mara nyingi bapa lenyewe lilifuliwa Ulaya. Ukikuta chapa ya mamba, hilo ni panga la Martindale la Birmingham, Uingereza. Upanga wa Kijapani una umbo lake: umepinda kwa mpindo mmoja mpole kuanzia mpinini hadi nchani, una makali upande mmoja tu, mpini wake ni mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, na kati ya mpini na bapa kuna bamba, mara nyingi la duara, la kukinga mkono. Mpini wa jadi umevalishwa ngozi ya samaki taa, ile yenye chembechembe ngumu, kisha ukazungushiwa utepe uliosokotwa kwa namna ya kuacha vidirisha vya umbo la almasi. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo ataitambua ngozi ile kwa kuipapasa tu.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanatazama nje na kutoa hukumu. Lakini nje ya upanga wa Kijapani hudanganya. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu kutembea na panga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na wachache wengine. Mabapa ya kale yakabaki majumbani. Miaka ya 1930, jeshi liliporudisha upanga wenye sura ya jadi kwa ajili ya maofisa, kwa mfano wa mwaka 1934 na baadaye wa 1938, ofisa wa ukoo wa samurai aliweza kuchukua bapa la mababu, la miaka 300 au zaidi, akalivalisha mpini na ala ya kijeshi. Mwenzake asiye na urithi alinunua lililotengenezwa mwaka uleule. Kiunoni mwao panga hizo mbili zilifanana. Tofauti yao iko ndani ya mpini, mahali pasipoonekana.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo shule yenyewe. Kwenye mpini, karibu na kile kikinga mkono, kuna tundu dogo, na ndani yake kijiti cha mwanzi chenye unene wa penseli au pungufu. Kijiti hicho peke yake ndicho kinachoshika bapa lisichomoke. Kinasukumwa kutoka upande wake mwembamba kwa kipande cha mti au cha shaba, taratibu. Kikishatoka, unausimamisha upanga, makali yakiangalia mbali nawe, unashika sehemu ya chini ya mpini kwa mkono mmoja, na kwa ngumi ya mkono wa pili unagonga kifundo cha mkono ulioshika. Bapa linalegea, linapanda kidogo kidogo, na mpini unatoka mzima. Ukiona umekwama, uache. Mipini mingi iliyokaa miaka 80 imepasuka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekosa subira.

Kilichobaki ni msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini kama ilivyo kwenye kisu au jembe. Hapo ndipo mhunzi wa Kijapani aliposaini. Kwa patasi ndogo alichonga jina lake kwa maandishi ya kusimama, na upande wa pili, akipenda, akachonga tarehe. Utaona pia mistari ya tupa, maana kila shule ya wahunzi ilikuwa na namna yake ya kupitisha tupa kwenye msuka: wengine mlalo, wengine mshazari, wengine kama manyoya ya ndege. Huo nao ni ushahidi, hata jina lisipokuwepo. Na jina kukosekana si kasoro. Panga nyingi za kale zilifupishwa karne kadhaa baadaye ili zifae kuvaliwa kwa mtindo mpya, na ufupishaji ulifanywa kwa kukata msuka, saini ikaenda na kipande kilichokatwa. Ukikuta msuka wenye matundu mawili au matatu ya kijiti, yawezekana bapa hilo limebadilisha mipini katika maisha yake.

Tarehe za wakati wa vita zinasomeka kwa hesabu nyepesi. Wajapani walihesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Showa ilianza mwishoni mwa 1926, na mwaka huo ndio unaohesabiwa wa kwanza, kwa hiyo unachukua mwaka wa Showa unajumlisha 1925. Showa 17 ni 1942. Panga nyingi za miaka hiyo zilitoka Seki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Gifu, na zina chapa ndogo iliyogongwa kwenye msuka kuonyesha kwamba zimepita kwa mkaguzi. Mara nyingi chapa hiyo inamaanisha bapa halikufuliwa kwa njia ya jadi. Chapa ya nyota ni habari nyingine: ni ya wahunzi walioidhinishwa na jeshi, ambao walipewa chuma cha jadi na wakatakiwa kukifua kwa utaratibu wa kale.

Kuna na upanga wa masajini, mfano wa mwaka 1935, ambao unautambua bila kufungua kitu. Mpini wake ni wa metali ya kumimina, shaba au alumini, uliotengenezwa kwa kuiga utepe na ngozi ya taa, kisha ukapakwa rangi. Kwenye bapa, karibu na mpini, kumegongwa namba, na namba hiyohiyo inatakiwa iwe kwenye ala. Zikitofautiana, upanga na ala vilikutana baadaye. Kuelekea mwisho wa vita, Japani ilipoishiwa, mipini hiyo ikawa ya mbao tupu iliyochongwa mistari ya kupishana. Upanga wa namna hiyo hauvutii macho, lakini kwangu ni hati ya kihistoria, kwa sababu unakuonyesha kwa macho taifa linavyoishiwa shaba.

Kisha kuna bapa lenyewe. Mhunzi wa jadi alianza na chuma kilichoyeyushwa kutokana na mchanga wenye madini, katika tanuru la udongo lililowaka siku tatu usiku na mchana. Alikikunja na kukifua mara nyingi. Mwishoni alipaka udongo uliochanganywa na unga wa mkaa na wa jiwe, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, akalitia bapa motoni mpaka likawiva, akalizamisha majini. Makali yalipoa haraka yakawa magumu, mgongo ukapoa polepole ukabaki laini. Mpaka kati ya ugumu na ulaini unabaki kwenye chuma kama mstari mweupe, mwingine ukiwa umenyooka, mwingine ukienda kwa mawimbi. Lishike bapa chini ya taa moja na uligeuze polepole, utaona ndani ya mstari ule vijidoa vinavyometameta. Upanga bandia wa siku hizi una mstari huo pia, ila umechorwa kwa tindikali au kwa msasa: ni mweupe sawasawa kila mahali, hauna kitu ndani yake.

Sisi si wageni wa kazi hii. Profesa Felix Chami alichimbua Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, na kukuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Ufipa walikuwa na matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Mhunzi wa leo pembeni ya soko la Mlandizi, anayetengeneza panga kwa springi ya gari, anajua kwa mkono wake tofauti ya chuma kilichopozwa haraka na kilichopozwa polepole. Mkalishe na mhunzi wa Seki, wataelewana.

Ila mhunzi huyo wa Mlandizi nina ombi naye. Mjukuu akikuletea upanga wa babu akataka uunyooshe, uunoe, uung'arishe kwa grenda, mkatalie. Na wewe mjukuu, naomba usiguse kutu ya msuka. Kutu ile ndiyo umri. Msuka wa mwaka 1942 una kutu ya kahawia, changa, na alama za tupa bado kali. Wa miaka 400 umekuwa mweusi, laini, umetulia, na hakuna anayeweza kuutengeneza weusi ule kwa wiki moja ingawa walaghai wanajaribu kila siku. Ukiusugua kwa msasa ukawa mweupe, umefanya sawa na mtu anayefuta maandishi ya hati ya kiwanja chake ili karatasi ing'ae. Ushahidi umekwenda, na hakuna fundi duniani atakayeurudisha. Bapa nalo usilishike kwa vidole vitupu, jasho linakula chuma, na kwa unyevu wa Pwani alama ya kidole inakuwa kutu kabla mwezi haujaisha. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, paka mafuta mepesi ya mashine, kidogo sana, basi. Kung'arisha kwa kweli kuna mafundi wake Japani, wanaosoma kazi hiyo kwa miaka mingi na kuifanya kwa mawe na maji.

Wapo watakaokuja na bei. Upanga wa kiwandani unauzwa nje kwa mamia ya dola, wa mhunzi mashuhuri wa kale kwa maelfu mengi, na mnunuzi mjanja atakuambia kwamba wako ni wa kiwandani. Usiuze kitu usichokisoma. Picha za msuka pande zote mbili, zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni ili michoro itokeze, zinatosha mtaalamu kukuambia ukweli.

Nimefika sasa kwenye dai langu. Ukimaliza hayo yote utakuwa na jina la mhunzi. Ukibahatika utakuwa na jina la ofisa, kwa sababu panga nyingine zilisalimishwa zikiwa na kibao cha mti au kitambaa chenye jina la mwenyewe. Hayo ni majina mawili. Jina la tatu, la kijana aliyeutoa upanga ule Burma na kuufikisha Uzaramo, halimo kwenye chuma, na mkusanyaji wa London hana namna ya kulisoma.

Tunajua nini kinatokea jina likiandikwa. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, vijana wa Dar es Salaam, walikuwa Keya na walikwenda Burma. Tunajua habari zao kwa sababu mwanahistoria Mohamed Said alizitafuta na kuziandika kitabu. Tunajua walirudi na fikra mpya juu ya mkoloni, wakaingia kwenye siasa za TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na walikuwamo katika kuasisiwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Wenzao wa vijijini waliovuka mto uleule hawakupata mwandishi. Na aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944, leo kama yu hai ana miaka mia hivi. Kwa wengi tumechelewa kumsikiliza mwenyewe.

Hatujachelewa kwa bibi. Wajane wa Keya wapo, na watoto wao wazee wapo, na wanakumbuka zaidi ya wanavyoulizwa. Usimuulize bibi, "Babu alipigana wapi?" Atakujibu "Burma" na mazungumzo yataisha. Muulize babu alisimulia nini mvua ikinyesha. Muulize: aliamka usiku akipiga kelele? Aliimba wimbo gani wa kambini? Alikuwa na rafiki aliyemtaja mara kwa mara, na huyo rafiki alitoka wapi? Kitu hiki alikipata kwa nani, kwa mkono wake au kwa kubadilishana sigara, na alikuwa akikiweka wapi nyumbani? Alimruhusu mtoto kukigusa? Hayo ndiyo yanayokiunganisha kitu na mtu. Cheti cha kuachishwa jeshi kikiwepo, nakili namba ya askari na batalioni, tarakimu kwa tarakimu, maana kwa hiyo mtu anaweza kutafutwa kwenye kumbukumbu za jeshi.

Kuna jambo moja la sheria ningependa mlijue. Wapo watu wema wanaofikiri kwamba upanga ukipatikana urudishwe Japani kwa ukoo wa mwenyewe. Kwa bendera zile za maandishi inawezekana, na zimerudishwa nyingi. Kwa upanga ni vigumu: sheria ya Japani inasajili zile tu zilizofuliwa kwa njia ya jadi, zenye thamani ya sanaa. Upanga wa kiwandani wa sajini unahesabiwa ni silaha haramu, na ukiingia nchini humo unaweza kuharibiwa. Kwa hiyo panga za namna hiyo hazina nyumba nyingine ila huku ziliko.

Huku ziliko zina nyumba. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni iko Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, mwendo wa daladala kutoka Kisarawe au Kibaha. Usiubebe upanga wazi barabarani. Anza na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ili ajue kilichopo, kisha nenda Makumbusho na picha zake. Na pamoja na picha peleka karatasi: jina kamili la babu, jina la baba yake, kijiji, batalioni, aliyoyasimulia bibi, jina la bibi mwenyewe, na tarehe uliyomwandika. Piga nakala mbili. Moja iingie kwenye ala ya mfuko wa plastiki na ibaki ndani ya sanduku la bati, karibu na chuma, ili hata atakayelifungua sanduku hilo baada yako asipate kimoja bila kingine.